Pikipiki ya Kumkimbia Vern

Tangu Reino mumewe alipofariki, Ilma Ruonala hakuwa amekwangua theluji kwenye njia ya nyumba yake hata siku moja. Mwisho wake ulikuwa ngazi za mlangoni, tena kwa ufagio. Kazi nyingine yote ilifanywa na Vern Maatta, rafiki wa marehemu na jirani wa upande wa msituni. Theluji ikidondoka usiku, asubuhi pikapu ya Vern yenye plau ya kusukumia theluji mbele ilikuwa imeshaingia uani ikinguruma, na kabla Ilma hajamaliza kuvaa, njia nzima, kutoka barabarani mpaka mlango wa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, ilikuwa imekwanguliwa safi kama sahani iliyolambwa. Majira sita ya baridi yalipita hivyo. Vern hakutaka senti moja. Alitaka kahawa tu.

Balaa lilikuwa kwenye hiyo kahawa.

Vern alikuwa akivua buti, akining'iniza koti lake lenye harufu ya dizeli, akikaa kwenye kiti cha Reino na kuanza. Alikuwa na hadithi ya mawe yake ya figo, jinsi yalivyoingia, yalivyokaa na yalivyotoka, kila jiwe na mkasa wake. Alikuwa na hadithi ya paa mkubwa aliyemkosa kwa risasi, na ya mke wake wa zamani aliyeondoka na muuza mazulia wa Green Bay. Kila hadithi ilikuwa na mwanzo, na nyingi hazikuwa na mwisho. Saa mbili nzima Ilma alimimina kahawa, akakata mkate wa iliki na kusema "ehee" na "masikini" kwa zamu.

Huyu Ilma alikuwa karani wa posta ya Pelkola kwa miaka thelathini. Pale dirishani hakuna aliyemzidi kwa kuwakatiza wasemaji. Mtu akianza habari za mjukuu wake, Ilma anagonga muhuri, anasema "Haya, anayefuata!" na maisha yanaendelea. Lakini jikoni kwake hapakuwa na dirisha wala anayefuata. Halafu utamfukuzaje mtu aliyekukwangulia njia bure? Na Pelkola iko ufukweni mwa Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani. Ziwa lile likianza kumwaga theluji mwezi wa Novemba, halina habari ya kuacha mpaka Aprili. Kahawa ya Vern ilikuwa karibu kila siku.

Mwezi wa Septemba Ilma akakata shauri. Akampigia simu mdogo wake Lois, anayeishi Marquette, akamwambia, "Nanunua pikipiki ya magurudumu manne. Ile wanayoifunga plau mbele."

"Wewe? Uende nayo wapi?"

"Siendi nayo popote. Nikwangue njia yangu mwenyewe."

"Na Vern je?"

"Vern apumzike. Kachoka."

"Dada, yule mzee utamuua kwa upweke."

"Basi mchukue wewe ukakae naye."

Lois akakohoa, akabadilisha mazungumzo.

Dukani, mwuzaji alikuwa bwana mnene mwenye masharubu yaliyochongwa. Alimsalimia Ilma vizuri, kisha akawa anatazama nyuma yake, mlangoni.

"Mzee anapaki gari, mama?"

"Mzee yuko makaburini, nyuma ya kanisa. Nionyeshe ile nyekundu."

Bwana yule akaiendea, akamwonyesha. Akaanza na rangi, akafuata na vishikio vinavyopasha mikono joto, akaingia kwenye kishikio cha chupa ya maji. Ilma akauliza upana wa bapa la plau, na kama winchi ya kulinyanyua ingehimili theluji iliyolowa. Mwuzaji akajibu, kisha akainamisha kichwa kama anayetoa siri.

"Sasa mama, injini mpya ni kama bibi harusi. Mwanzoni..."

"Bibi harusi nimewahi kuwa. Niambie habari za injini."

Basi akaambiwa. Mwanzoni asibonyeze mafuta kupita nusu. Asikae kwenye mwendo mmoja, apandishe na kushusha. Asisukume mzigo mzito. Aiache ipoe mara kwa mara, na ikishazoea, abadilishe oili kabla ya kuipa kazi ya kweli. Ilma akayashika yote. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Aliwahi kurudisha kifurushi cha mchungaji kwa sababu ya upana wa utepe wa gundi.

Ilipoletwa mwezi wa Oktoba juu ya trela, Ilma alitegemea kuwa Vern akiiona tu ataelewa. Atanuna kidogo, atakaa kwake, na hapatakuwa na haja ya maneno makali. Hilo ndilo lililomfanya atoe fedha zote zile. Trela halijaondoka, Vern akatokea msituni. Akaizunguka pikipiki, akapiga teke tairi moja moja kwa heshima, uso umemng'aa.

"Shemeji! Kumbe! Mbona hukusema? Hii inataka kuzoeshwa hii, na kuizoesha ni kazi ya watu wawili."

"Wawili wa nini, Vern? Ina kiti kimoja."

"Mmoja anaendesha, mmoja anasikiliza injini."

Hivyo mtu ambaye zamani alingoja walau theluji idondoke, sasa akawa anakuja kwenye majani makavu. Kila asubuhi alisimama katikati ya uwanja, kiganja nyuma ya sikio, Ilma akimzunguka kama farasi wa sarakasi.

"Punguza, shemeji! Haya, ongeza! Ongeza! Nusu, nimesema nusu! Usikae hapo hapo, itadumaa!"

Kisha waliingia ndani kunywa kahawa, na Vern alieleza pikipiki zote alizowahi kuzisikiliza maishani mwake.

Siku ya nne, Ilma alifika mwisho wa uwanja na hakugeuza. Akaingia kwenye njia ya zamani ya reli, ile inayopita nyuma ya kanisa, akaenda. Nyuma alisikia "Shemeji! Shemeji!" ikififia, na mara hakusikia kitu ila injini. Akapita mashimo ya machimbo ya shaba yaliyoachwa. Akapita kambi za wawindaji mpaka ziwani, akaiacha pikipiki ipoe huku yeye akila biskuti juu ya jiwe. Kidole gumba cha kubonyezea mafuta kilikuwa kimekufa ganzi. Mgongo ulimuuma. Na alikuwa na furaha mpaka akaona haya, akatazama huku na huku asije akawapo mtu.

Baada ya hapo akawa anaondoka kila asubuhi mapema. Alifuata maelekezo barabara, akipandisha mwendo na kushusha, akipandisha na kushusha, hata mwindaji mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa akatoka kichakani kumsimamisha.

"Mama, uko salama? Nakuona unakwenda kama mtu aliyesahau kitu, halafu akakumbuka, halafu akasahau tena."

"Naizoesha."

"Mh! Au inakuzoesha wewe?"

Ilma alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Oili aliibadilisha mwenyewe uani. Vern alisimamia, na sehemu kubwa ya oili ya zamani ikaishia kwenye buti zake. Ilma aliomba radhi, lakini si sana.

Theluji ya kwanza ya maana ilikuja katikati ya Novemba. Ilma aliamka kabla ya Vern kuamka, akavaa kofia mbili, akatoka. Alikuwa ameizoesha injini mpaka ikazoea. Kulizoesha bapa ndiko alikosahau. Safari ya kwanza alilishusha mno, likachimbua kokoto na nyasi mpaka ungedhani anapanda viazi. Safari ya pili alilinyanyua mno, akapita juu ya theluji bila kuisumbua. Ya tatu alisukuma vizuri kabisa, lundo zuri, na lundo lile akaliegemeza kwenye mlango wa sauna likauziba. Safari iliyofuata alitazama nyuma kuona kazi yake, akagonga nguzo ya sanduku la barua, ikalala chini na sanduku lake. Karani wa posta wa miaka thelathini akashuka, akaokota tangazo la mauzo ya magodoro kwenye theluji, akalitia mfukoni.

Alipodhani amemaliza, greda la wilaya likapita barabarani na kumwachia ukuta wa theluji nzito, iliyoshindiliwa, mdomoni mwa njia. Ilma akarudi nyuma, akabonyeza mafuta yote. Siku za kubonyeza nusu zilikuwa zimekwisha zamani. Akauvaa ule ukuta. Pikipiki ikapiga mayowe, mkanda wa injini ukanuka, theluji ikamrukia usoni. Akarudi nyuma tena. Alikuwa anapiga kelele kwa Kifini, lugha ya wazee wake, ambayo aliitumia kanisani na kwenye hasira tu. Ukuta ukapasuka, na yeye akatokea barabarani upande wa pili, mbele kabisa ya pikapu ya Vern.

Vern hakuzima gari. Alitazama njia iliyolimwa, akatazama sanduku la barua, akatazama mlango wa sauna usioonekana. Akashusha kioo.

"Umemaliza, shemeji."

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nenda kapumzike, Vern. Umefanya kazi sana."

Vern akagusa kofia yake, akarudi kinyumenyume kwa kasi kubwa mno, ambayo Ilma aliichukulia kuwa ni uchungu. Akaingia ndani, akanywa kahawa peke yake. Jikoni palikuwa kimya hata sauti ya jokofu ilisikika. Ilma aliona hajawahi kunywa kahawa tamu kama ile.

Utamu ukadumu mpaka Desemba. Theluji ilikuja na kuja tena, Ilma akaikwangua kila mara vizuri zaidi, na Vern hakutia mguu. Kanisani alikaa nyuma na kuondoka kabla ya chai ya baada ya ibada. Ilma akaanza kumwona amekonda. Mwanzoni aliyatupa yale maneno ya Lois ya kumuua kwa upweke. Baadaye yakawa yanamwamsha usiku.

"Vern anakuja?" Lois akauliza kwenye simu.

"Haji."

"Hata kukaa tu kidogo?"

"Haji, Lois."

"Umemuua mtu, dada. Mimi simo."

Jumamosi, basi, Ilma akaoka mkate wa iliki, akaufunga kitambaa, akaupakia kwenye pikipiki na kwenda kwa Vern. Ili aanze toba yake vizuri, alikwangua kwanza mbele ya gereji, mahali ambapo Vern alikuwa ameshapakwangua asubuhi ile. Kisha akabisha hodi.

Vern alifungua akiwa na soksi, glasi ya maziwa mkononi. Nyuma yake televisheni ilikuwa na mechi ya magongo ya barafuni.

"Shemeji! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukaa."

"Kukaa?"

"Kukaa nawe. Kuzungumza."

Uso wa Vern ukashuka, ukawa wa mtu aliyeambiwa wakaguzi wa kodi wako getini. Lakini alimkaribisha, akamtolea kiti na kupunguza sauti ya televisheni. Hakuizima. Ilma akajikaza. Hakuwa na hadithi tayari, hivyo akashika za posta: kifurushi cha nyuki hai kilichopasuka, bibi aliyejitumia mwenyewe maua, mabishano ya stempu. Vern alisema "ehee" na "masikini" kwa zamu, na jicho lake moja lilikuwa kwenye magongo. Ilma aliona wazi kuwa huzuni imemharibu mwanamume huyu, hata kusikiliza hawezi. Akazidisha. Akaingia kwenye upasuaji wa wifi yake. Alipofika penye nyuzi za kushonea, Vern akaruka kutoka kitini.

"Ndiyoooo! Ingiza hiyo!"

Kisha akatulia, akakaa polepole.

"Samahani, shemeji. Endelea. Nyuzi."

Ilma akamtazama. "Vern, unataka niondoke?"

"La, la! Kaa tu. Umeshakaa saa moja, imebaki moja."

"Imebaki moja ya nini?"

"Si huwa saa mbili? Lois alisema zisipungue mbili."

"Lois gani?"

"Lois wako. Siku ya mazishi." Vern akaweka glasi chini. Alionekana amegundua kuwa ameteleza na hakuna pa kushika. "Alinishika mkono pale makaburini. Akasema, Vern, usikwangue tu ukaondoka, dada yangu atanyamaza mpaka afe. Ingia, kaa naye saa mbili, mchangamshe. Nikaahidi. Mimi, shemeji, sina maneno mengi, unanijua tangu zamani. Mwaka wa kwanza hadithi zangu zote zikaisha. Mpaka pikipiki yako ilipokuja nikapata la kusema, ilibidi nitafute."

"Utafute?"

"Mawe ya figo ni ya kaka yangu Arvo. Figo zangu mimi nzima."

Ilma akawaza asubuhi zote zile, na kila jiwe.

"Na yule paa?"

"Nilimsoma gazetini."

"Muuza mazulia?"

"Huyo wa kweli," Vern akasema. "Huyo ni wa kweli kabisa."

"Na kahawa, Vern? Vikombe vitatu kila siku!"

"Ulikuwa unanimiminia! Daktari alinikataza siku nyingi. Nilikuwa nikitoka kwako nakuja kunywa maziwa hapa, kifua kinawaka moto. Na iliki ndiyo mbaya zaidi."

Ilma akautazama mkate wake uliofungwa kitambaa. "Mimi mwenyewe siupendi," akasema. "Reino ndiye aliyekuwa anaupenda. Niliendelea kuuoka kwa ajili yako."

Jina lile likakaa katikati yao. Majira sita, na mtu amekalia kiti cha Reino, lakini hakuna hata mmoja wao aliyelitamka.

"Lois alinikataza," Vern akasema taratibu. "Alisema nikimtaja utalia."

"Mimi nilidhani umemsahau."

"Nimsahau? Mtu aliyetumbukiza trekta mtaroni mara mbili wiki moja, mtaro ule ule?"

"Mara tatu," Ilma akasema. "Ya tatu hakukwambia."

"Acha!"

"Alilivuta mwenyewe kwa farasi wa mzee Hautala, usiku, mimi nikimmulikia kwa tochi. Akaniapisha."

Vern akapiga paja. Wakaanza na trekta, wakaenda kwenye boti, kisha kwenye ile siku Reino alipoimba kwenye harusi ya watu asiowajua. Ilma akalia kidogo, na hakuna kilichoharibika. Walipokuja kutazama, mechi ilikuwa imekwisha zamani, dirisha limeingia giza, na hakuna aliyejua nani ameshinda.

Mlangoni wakapatana. Vern hatakuja kunywa kahawa. Ilma hataoka mkate. Wakiwa na neno la kuambiana, waambiane uani, wamesimama. Na Lois akiuliza, kila mmoja aseme wanakaa saa mbili kila siku, kwa sababu Lois akiambiwa ukweli atachukua basi aje.

"Tunakaa," Ilma akamwambia mdogo wake kesho yake. "Saa mbili. Wakati mwingine tatu."

"Unaona?" Lois akasema, sauti imelowa machozi ya furaha. "Unaona?"

Lois hakuwa mtu wa kukaa na furaha peke yake. Alimpigia mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji akawaambia wanawake wa kwaya. Mwezi wa Februari kukawa na tufani ya siku mbili, theluji ikafika juu ya vishikio vya pikipiki, ikamshinda Ilma. Akampigia Vern. Vern akaja na pikapu, akafungua njia, akapiga honi na kuondoka zake bila kushuka. Lakini mchungaji alipita barabarani wakati huo huo, akaiona pikapu uani kwa mjane saa ya asubuhi, na uchumba wao ukawa umekwisha thibitishwa.

Kuanzia siku ile, kadiri walivyoonana kidogo, ndivyo Pelkola ilivyozidi kuwaoza. Watu wakamwachia Vern nafasi kanisani kando ya Ilma. Mwenye duka la nyama akauliza harusi ni mwezi gani.

Vern akaja uani, akasimama kando ya pikipiki, mikono mifukoni.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

"Tukanushe?"

Ilma akafikiri. Kukanusha maana yake ni kwenda nyumba kwa nyumba, kuingia, kukaa, kunywa kahawa na kueleza. Kila mahali wangetaka kusikia toka mwanzo.

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka theluji iyeyuke," Vern akasema. "Tukienda haraka."

"Mimi sina nafasi. Nina mkanda wa kubadilisha."

"Na mimi nina mechi."

Wakaacha hivyo. Mwezi wa Machi wanawake wa kwaya wakaleta zawadi, taulo nane za rangi ya maziwa, zimetariziwa I na V kwenye pembe. Ilma aliwashukuru mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Walipoondoka alichukua nne, akampelekea Vern nne kwa pikipiki, akazitupa barazani bila kuzima injini. Zake mwenyewe aliziweka kwenye kibanda cha pikipiki. Zilikuwa taulo nzuri, nene, zilinyonya maji vizuri, na jioni hiyo alikausha nazo plau, winchi na magurudumu yote manne.